Uhuru wa Kusali na Uhuru wa Kusema ni Uhuru Mmoja

Hotuba iliyotolewa mbele ya wananchi, Tosamaganga, Iringa



 Twaona hapa watu wa kila namna: Wakatoliki wa misioni hii, Walutheri, Waislamu waliopanda kutoka mjini Iringa, na wazee ambao bado huenda makaburini kwa babu zao kufanya tambiko. Tumefurahi kuwaona mmekaa pamoja, maana jambo tulilokuja kulisema lawahusu wote. Nalo ni hili: uhuru wa mtu kumwabudu Mungu wake na uhuru wa mtu kusema lililo moyoni mwake ni uhuru mmoja. Ukiukata upande mmoja, na upande wa pili hunyauka. Tena hapana mtu awezaye kuulinda uhuru wake mwenyewe ikiwa hataki kuulinda uhuru wa jirani asiyekubaliana naye.

Labda mtu atauliza: ya nini kutuletea habari hizi Tosamaganga? Hapa watu wamesali zaidi ya miaka 100. Wabenediktini kutoka Ujerumani waliianzisha misioni hii mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ikashikwa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia. Nani anatuzuia kusali?

Twajibu hivi. Kabla kengele ya kanisa haijalia hapa mara ya kwanza, babu zetu walikuwa wakimwita Mungu kwa jina la Nguluvi. Habari za Kristo zilikuwa neno geni masikioni mwao, kama zilivyokuwa habari za Korani zilipoletwa na wasafiri wa pwani. Dini hizi mbili zilifika bara kwa mdomo. Mtu alisimama akasema, na wengine wakasikiliza; wako waliokubali, wako waliokataa, na wako waliokubali nusu wakaendelea na tambiko lao. Kama siku hizo pangalikuwa na sheria ya kwamba hapana mtu kusema neno lipinganalo na imani ya wenyeji, leo hapa pasingalikuwa na kanisa wala msikiti. Basi kila mwenye dini hapa amefaidika na uhuru wa kusema, hata kama hajawahi kuufikiri.

Katiba yetu yalijua jambo hili. Itazameni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 18 yatoa uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 19 yatoa uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua dini, pamoja na uhuru wa mtu kuibadili dini yake. Ibara hizi zimekaa bega kwa bega kama nyumba mbili za ndugu. Lakini mkumbuke kwamba haki hizo hazikuwamo tangu mwanzo kama sehemu ya sheria ya kumshika mtu mkono mahakamani. Ziliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Maana yake ni kwamba tulikaa zaidi ya miaka 20 baada ya kupata Uhuru, hali mwananchi aliyeonewa kwa imani yake au kwa maneno yake hakuwa na ibara ya kuishika mkononi.

Na katika miaka hiyo mambo yalitokea. Mwaka 1965 Serikali iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova. Walikuwa watu wachache, na wengi hawakupendezwa nao kwa kuwa walijitenga na mambo ya siasa. Mwaka 1968 ikavunjwa jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyojulikana kama EAMWS. Hawa hawakuwa wachache. Twawauliza, ndugu zetu: mtu aliyeona sawa kufungwa kwa mlango wa wale wachache mwaka 1965, alikuwa na neno gani la kusema mwaka 1968? Wahenga walisema, ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Mashahidi wa Yehova wakaruhusiwa tena mwaka 1987. Wakafungua nyumba zao, wakasali, na nchi haikuanguka. Yale yaliyoogopwa kwa miaka 22 hayakutokea.

Sasa twataka kuwaeleza kesi moja, maana ndani yake dini na maneno vimefungamana kama kamba mbili zilizosokotwa. Katika mji wa Morogoro, Mwislamu mmoja, Hamisi Rajabu Dibagula, alitoa mhadhara wa dini mbele ya watu. Akasema kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Akakamatwa, akashtakiwa kwa kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za watu wengine, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Waislamu wengi wakaudhika, pakawa na maandamano na vurugu Dar es Salaam mwaka 2001. Mahakama Kuu ikamtoa gerezani, lakini ikaacha hatia juu yake. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003, Jaji Mkuu akiwa Barnabas Samatta, Mahakama hiyo ikaifuta hatia yenyewe. Iliona kwamba mtu kueleza yale yafundishwayo na dini yake, pasipo nia ya makusudi ya kuwaumiza wengine, si jinai.

Twajua kwamba wengi wenu hapa ni Wakatoliki. Twajua kwamba maneno hayo, mkiyasikia barabarani, yatawachoma. Hatuwaambii msichomwe. Imani isiyochomwa na kitu chochote huenda ikawa imelala. Lakini tafadhalini mfikiri pamoja nasi. Kila Jumapili katika kanisa hili mwasimama na kukiri kwa sauti kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Mwislamu apitaye njiani husikia neno ambalo dini yake yalikataa kabisa. Kama kuchomwa moyo peke yake kungetosha kumfunga mtu, basi na ninyi mngetenda jinai kila Jumapili, na padre wenu angekuwa wa kwanza kushikwa. Sheria iliyomfunga yule mhubiri wa Morogoro ingaliweza kuwafunga ninyi siku yoyote ile ambayo mwenye madaraka angekuwa mtu wa fikira nyingine. Kwa hiyo siku ile Mahakama ya Rufani ilipoifuta hatia ya Mwislamu, iliilinda Kanuni ya Imani ya Mkristo wa Tosamaganga. Huo ndio umoja wa uhuru tunaousema.

Wako wasemao: haya ni mambo ya mihadhara na mahakama, sisi wakulima wa mahindi yatuhusu nini? Basi na tuje hapa hapa Iringa. Tarehe 2 Septemba, 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, waandishi wa habari walikuwa kazini. Chama cha CHADEMA kilikuwa kikifungua tawi, na polisi walikuja kuwatawanya watu. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa waandishi wa habari wa Iringa, alizungukwa na askari akapigwa, kisha bomu la machozi likafyatuliwa kwake kwa karibu sana. Akafa pale pale. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Mwangosi hakuuawa akiwa na bunduki. Hakuwa na rungu. Alikuwa na kamera, na kazi yake ilikuwa kuwaeleza wananchi yaliyotendeka. Jicho lake lilikuwa jicho letu. Mkulima wa Kalenga hawezi kwenda Nyololo kila mara patokeapo jambo. Humtegemea mwandishi aende kwa niaba yake. Basi pale mwandishi alipokufa, watu wote wa mkoa huu walipofushwa kwa siku moja. Mkulima asiyepata habari hawezi kujua bei ya mazao yake imeamuliwaje, wala kodi yake imekwenda wapi. Uhuru wa kusema ni chombo cha mkulima kama lilivyo jembe lake.

Na msidhani kwamba mkono uuzibao mdomo wa gazeti hukoma mlangoni pa kanisa. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe wao wa Kwaresima, na ndani yake wakasikitika kwamba shughuli za siasa zinazuiwa na vyombo vya habari vinafungwa. Rais wa Baraza la Maaskofu wakati huo alikuwa Askofu Tarcisius Ngalalekumtwa, askofu wa jimbo hili hili la Iringa. Maaskofu wa Kilutheri wa KKKT nao wakatoa ujumbe wa Pasaka wa namna hiyo hiyo. Ikafuata barua kutoka ofisi ya msajili katika Wizara ya Mambo ya Ndani, ikiwataka viongozi wa KKKT waukane ujumbe wao. Habari ilipoenea, Waziri mwenyewe alijitokeza mwezi Juni akaikataa barua ile. Twampa haki yake kwa hilo. Lakini barua iliandikwa, na mihuri ikagongwa. Ni dalili kwamba wako waliofikiri askofu anaweza kuamriwa ayameze maneno yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tena mwezi Juni 2025 usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima ulifutwa, baada ya yeye kupaza sauti juu ya watu waliokuwa wakitekwa. Mtu anaweza kumpenda Gwajima au asimpende. Anaweza kuyakubali mahubiri yake au kuyakataa. Hilo silo shauri. Shauri ni hili: mtu mmoja alisema, na maelfu ya waumini waliokuja kusali tu wakakuta mlango umefungwa. Hapo mwaona kwa macho yenu wenyewe jinsi uhuru wa kusema ukiguswa, uhuru wa kusali huguswa siku ile ile.

Sasa twaja kwenye neno la wapingaji wetu, maana si haki kulificha. Husema: nchi hii ni changa, watu wa dini na makabila mengi, mkiwaachia watu waseme watakavyo patatokea vurugu, amani kwanza, maneno baadaye. Ni neno lenye uzito, nasi hatulidharau. Lakini tunalikumbuka tulikolisikia kwanza. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilimkataza Mwalimu Nyerere kusema katika mikutano ya hadhara, kwa sababu iyo hiyo ya kulinda amani. Mwaka 1958 akashtakiwa mahakamani Dar es Salaam kwa maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili. Akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, na faini ikalipwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walitiwa gerezani kwa yale waliyoyachapa. Mkristo na Mwislamu, pamoja, kwa gazeti moja! Uhuru wa nchi hii ulipatikana kwa mikutano na magazeti, bila bunduki. Silaha yetu ilikuwa maneno. Basi ni aibu kwa taifa lililozaliwa kwa maneno kuyaogopa maneno.

Na tuangalie pia mfano wa nyumbani. Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa mtemi wa Wahehe, alikuwa Spika wa Bunge toka 1962 mpaka 1973, na tena toka 1975 mpaka 1994. Kazi ya Spika ni kumpa kila mjumbe nafasi yake, na kuzuia sauti za wengi zisimfunike mmoja. Nchi hii ilimwamini mtu wa Iringa kuishika kazi hiyo kwa miaka mingi kupita mwingine yeyote. Basi watu wa Iringa wasiambiwe kwamba kusikilizana ni desturi ya kigeni.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila neno ni halali. Uhuru una mpaka, na mpaka wenyewe twapaswa kuujua vizuri, maana asiyejua mpaka wa shamba hugombana na kila jirani. Mwaka 1994 katika Rwanda redio moja, RTLM, iliwahimiza watu wawaue jirani zao, ikawataja na mahali walipojificha. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakubwa wa redio ile na wa gazeti la Kangura. Ilikuwa haki. Mtu asemaye "mwueni fulani" hasemi maoni. Amekwisha nyosha mkono. Lakini asemaye "imani yako si ya kweli," au "kiongozi huyu ametukosea," huyo amekuachia nafasi ya kumjibu. Hapo ndipo mpaka ulipo: je, neno lataka majibu, au lataka damu?

Na ni lazima tuseme ukweli kwamba waharibifu wa uhuru si wakubwa wa serikali peke yao. Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ugomvi wa watoto wawili juu ya Korani iliyonajisiwa uligeuka ghasia, na makanisa yakachomwa moto. Kitendo cha mtoto yule kilikuwa kibaya, na hasira ya Waislamu ilikuwa na sababu. Lakini waliosali ndani ya makanisa yale walikuwa wametenda nini? Wazee husema kwamba jina la Tosamaganga latokana na maneno ya Kihehe ya kutupa mawe. Haya, mawe yana mahali pake, yajengee nyumba. Mtu aliyekosa neno la kumjibu mwenzake akaokota jiwe amekiri mbele ya watu kwamba ameshindwa.

Ndugu wananchi, haki iliyoandikwa Katibani ni kama mbegu iliyo ghalani. Isipopandwa haioti. Basi kila mmoja wetu na aipande mahali alipo.

Ninyi wenyeviti wa vijiji, katika mkutano wenu ujao, mtu akisimama kupinga hesabu za kijiji, mwacheni amalize. Msimkatize kwa wimbo, wala msimwite mpinga maendeleo. Huenda amekosea, basi mwonyesheni daftari. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi walio kimya ni sawa na mmoja.

Ninyi mapadre, wachungaji na masheikh, siku mtakaposikia kwamba nyumba ya ibada ya watu wengine imefungwa pasipo haki, semeni neno katika mimbari zenu hata kama mafundisho yao hamyapendi. Msiulize kwanza kama ni watu wenu. Mkatoliki akimtetea Mlokole, na sheikh akimtetea mzee wa tambiko, hapo mwenye nia ya kuonea atajua kwamba mlango mmoja una walinzi wengi.

Ninyi walimu na vijana, shule ya sekondari hapa Tosamaganga ilikuwa ya misioni kabla Serikali haijazitwaa shule za namna hiyo kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Toka hapo watoto wa dini zote wamelala bweni moja na kula ugali wa sufuria moja. Huo ni utajiri mkubwa. Jifunzeni kubishana mkiwa bado wadogo. Ulizaneni juu ya dini zenu bila kutukanana. Kijana aliyekwisha kubishana na rafiki yake wa dini nyingine, kisha wakaenda pamoja uwanjani kucheza mpira, hatachoma kanisa la mtu wala msikiti wa mtu akiwa mkubwa.

Na ninyi wasomaji wa magazeti, msinunue lile tu lisemalo mnayoyapenda. Mwandishi wa habari akija kijijini kwenu, mpeni kiti na mwambieni kweli. Mkumbukeni yule wa Nyololo. Na mkisikia mwandishi amekamatwa, ulizeni amekamatwa kwa kosa gani, na yuko wapi. Swali hilo halina gharama, na mara nyingi limeokoa maisha ya mtu.

Serikali nayo twaitaka jambo moja. Hatuiombi itupe uhuru, maana uhuru si mali yake ya kugawa. Twaitaka ikae kama mlinzi wa soko, azuiaye wezi na wapigani, lakini asiyemchagulia mnunuzi kitambaa cha kununua. Askari wake wajue kwamba mtu mwenye kamera na mtu mwenye kitabu cha sala wote wawili ni mabwana zake waliomwajiri.

Basi tukitoka hapa, kila mtu aende kwake akimfikiri jirani mmoja ambaye maneno yake humchukiza. Na siku jirani huyo atakapozuiwa kusema au kusali, awe wa kwanza kufika mlangoni kwake.

Uhuru na Umoja!